Askari wa Pembeni Kwanza

Kurui, Kisarawe
20 Januari 2024

Mjukuu wangu Wema Shabani, mke wangu mdogo,

Salamu zikufikie kabla jua la Kibaha halijakuchoma. Hapa tunaamka salama. Mke mwenzio Anifa amekaa pembeni anabangua korosho na kunicheka, maana kila neno nalitamka kwa sauti kabla ya kuliandika, kwa hiyo barua hii yeye ameipata kabla yako. Mguu wake umepoa. Mbuzi mwenye doa amezaa pacha. Mihogo imeshika, na shamba langu ndilo zuri kuliko yote kuanzia mtoni mpaka msikitini, muulize yeyote, ila usimuulize jirani yangu maana ana kijicho.

Sukari na kanzu vimefika kwa mkono wa Zubeir wa gari la mihogo. Asante sana. Kanzu nimeivaa Ijumaa, watu wameswali wakinitazama mimi.

Sasa tuje kwenye vita. Ulipokuja likizo ya Desemba ulinishika kidevu ukanigeuzia kwenye mwanga kama mtu anayenunua ng'ombe, ukasema jicho la kulia limekwisha na la kushoto linafuata, ni mtoto wa jicho, twende Kibaha kwa madaktari. Mimi nikasema watoto wangu wote wamekwisha kuoa, sina mwingine, jichoni wala kwingine. Ukalia. Mimi sipendi mtu anililie wakati mwenyewe silii. Ndipo tukawekeana sharti, na sharti naliandika hapa usije ukaligeuza. Tunacheza sataranji, mchezo mmoja, kwa barua. Ukinifunga, nakuja Kibaha natazamwa macho, na wakisema nipasuliwe napasuliwa. Nikikufunga, neno macho halitajwi tena nyumbani kwangu mpaka mnanizika, na wewe kwenye mashindano yenu ya sataranji ya Mei Mosi utaanza na mwanzo wangu, Askari wa Pembeni Kwanza, mbele ya watumishi wote wa mkoa.

Unauliza kwa nini barua na simu ya bibi yako ipo. Kwa sababu kwenye simu nasikia pumzi za mtu, najua kama ameogopa, na huko ni kumwonea. Zubeir anapita kila wiki, atabeba vikaratasi vya mchezo, na barua tutaandikiana tukiwa na la kusema.

Sheria ni zile za barazani kwangu. Ukishika umecheza. Na anayempeleka mnyama njia isiyo yake amefungwa hapohapo, hata awe imamu.

Usinidharau kwa darasa langu la pili. Mchezo huu nimeujua nikiwa mpishi kwenye kambi ya mainjinia wa barabara, bado nina meno yote. Jioni wakishakula wanapanga bao, na mimi wakati huo nasugua masufuria. Nikimaliza, nikipeleka kahawa, nakuta mchezo umefika katikati, watu wamekunja nyuso. Miaka yote ile mwanzo wa sataranji sikuuona hata siku moja. Katikati niliuona, mwisho niliuona, njia ya kila mnyama nikaijua kwa kutazama. Mwanzo ikabidi niutunge mwenyewe. Ndiyo maana hakuna duniani anayeanza kama mimi.

Weupe ni wangu. Askari wa pembeni kabisa, kushoto, hatua mbili. Tetemeka.

Mumeo,
Mfaume Hussen, bingwa wa Kisarawe nzima


Mailimoja, Kibaha
4 Februari 2024

Babu yangu, mume wangu wa meno mawili,

Shikamoo. Shikamoo nyingine mpe Bibi, mwambie korosho zake nimezila peke yangu, mlango nimefunga. Shule zimefunguliwa na nimepewa hisabati kidato cha kwanza na cha pili. Baba amepiga simu, anawasalimia, anasema ukiwa na shida useme. Nimemwambia huna shida, una sifa tu.

Sharti nimelisoma na sitaligeuza. Ila kabla sijaanza kukupiga, nataka nikushukuru kwa jambo ambalo sijawahi kulisema. Nilipokuwa mdogo, mara ya kwanza ulipoliweka bao mkekani, nilikuuliza nianze na nani. Mtu mwingine angenionyesha. Wewe ulisema, "Anza na yule unayemwonea huruma." Nikamtazama askari wa pembeni, amebanwa ukutani na ngome, hakuna anayemjali. Nikamtoa. Ukapiga makofi kama nimeshinda. Babu, mimi hisabati sikuwahi kuiogopa, na nadhani ilianzia pale.

Hapa Kibaha tuna klabu ndogo, tunakutana Jumamosi. Kuna mpima ardhi mmoja anaitwa Hashiru, mtu wa Bukoba, ana vitabu vyote vya sataranji ndani ya simu. Kila mwanzo anaujua kwa jina na kwa nchi ulikotoka. Jumamosi iliyopita nilianza na askari wako wa pembeni. Akaniuliza kwa upole kama mkono umeteleza. Watu wakacheka, nami nikafungwa haraka sana.

Nakujibu hivi: askari wa mbele ya mfalme wangu, hatua mbili, katikati ya bao, kama watu wenye akili timamu.

Mistari ya barua yako inapandana kama mbuzi kwenye zizi dogo. Neno lile silitaji. Lakini sharti halikunikataza kutazama mwandiko.

Mjukuu wako mpenzi,
Wema


Kurui
25 Februari 2024

Mke wangu mdogo mwenye mdomo mkubwa,

Marahaba. Sisi wazima, mbuzi wadogo wazima, mvua bado. Mke mwenzio anakusalimu na anasema uje ule kisamvu kabla hakijakomaa. Barua yako amenisomea yeye. Siyo kwamba mimi nashindwa kusoma, ila sauti yake kwenye barua inapendeza. Na mistari inapandana kwa sababu kalamu ya Zubeir ni mbovu.

Maneno yako ya mkekani nimesomewa mara mbili. Ya pili niliomba mimi. Basi.

Sasa mchezo. Vikaratasi vyote vimefika, na nakueleza hali ilivyo ili usije ukasema hukuambiwa. Farasi wangu wote wawili wako pembeni, mmoja huku mmoja kule. Huo unaitwa Farasi Malishoni, nimeutunga mwenyewe. Mainjinia wale walikuwa wakisema farasi wa pembeni ni farasi mwenye kamba mguuni. Mimi nasema farasi wa pembeni amekula ameshiba, akija katikati anakuja na nguvu. Halafu mfalme wangu nimemtoa nyumbani hatua moja mbele, asubuhi na mapema. Huo ni Mfalme Anakwenda Kuoga. Adui akiona mfalme amevaa taulo anashangaa, na akishangaa anakosea. Mbona wewe ulishangaa na ukanipa askari wawili bure?

Lakini nina neno na wewe. Hatua zako tatu za mwisho siyo zako. Nilikufundisha mimi, najua unavyotembea. Wewe ni mtu wa kurukaruka, unakwenda mbele kisha ndipo unatazama ulikokanyaga. Huyu anayenijia sasa anapanga askari kama matofali, hacheki wala hachekeshi. Nasikia harufu ya mtu mwingine kwenye bao langu, na harufu yenyewe inatoka Bukoba.

Sikukatazi kusaidiwa. Sheria za barazani hazikatazi, watu wote husimama nyuma na kupiga kelele. Ila nimesikitika. Mimi nilikaa nikisubiri gari la Zubeir kama mtu anayesubiri mgeni, kumbe anayekuja ni mwingine.

Malkia wangu anakwenda kona ya kulia kabisa. Hana kazi pale. Nimempeleka apunge upepo.

Mfaume Hussen


Mailimoja, Kibaha
10 Machi 2024

Babu yangu,

Shikamoo. Kesho au keshokutwa tunafunga, Mungu atufikishe wote. Tende nimempa Zubeir, na fungu la Bibi nimelifunga kando kwa sababu nakujua.

Pua yako haijazeeka. Ni kweli, nilimwonyesha Hashiru bao letu na kumwomba anisaidie. Ninacheza nikiwa na woga, Babu. Kila nikishika kete naona sharti mbele yangu. Kwako huu ni mchezo, lakini kwangu nikikosea hatua moja wewe utabaki gizani na mimi ndiye nitakuwa nimekuweka huko. Nikaona nicheze kwa vitabu, nisiteleze.

Barua yako iliponifikia nilikasirika kwanza, kisha nikaona haya. Nimemwambia Hashiru asante, akae pembeni. Hatua hii ya leo ni yangu mwenyewe: farasi wangu anaruka katikati ya askari wako, bila mlinzi, kwa sababu nimeona ana hamu. Ukimla, sawa.

Na nikuambie lililotokea Jumamosi. Nilianza tena na Askari wa Pembeni Kwanza, kisha Farasi Malishoni, kisha mfalme nikampeleka kuoga. Watu wakacheka kama kawaida. Hashiru hakucheka. Alikaa muda mrefu ameshika kichwa, kwa sababu ndani ya simu yake hakuna ukurasa wa mambo hayo. Mchezo ulikwisha hakuna aliyeshinda. Alipoinuka aliniuliza nimesoma wapi. Nikasema, "Jikoni." Alinisindikiza mpaka stendi akiuliza habari zako njia nzima.

Sikumbuki lini nilicheka hivyo nikicheza. Asante, Babu. Hata ukinifunga, asante. Lakini nakuomba usinifunge.

Wema


Kurui
19 Aprili 2024

Wema mke wangu,

Idd mubaraka, ingawa imepita. Barabara imekatika, gari la Zubeir lililala kwenye tope, akaja kwa miguu na barua ameiweka ndani ya kofia. Tende tumefuturia. Fungu la bibi yako sikulionja, alilala nalo chini ya mto. Mbuzi pacha mmoja amekufa kwa baridi. Mengine salama. Mvua inanyesha mpaka vyura wamechoka.

Farasi wako sikumla. Nilimtazama, nikamwona ana tabia nzuri, nikamwacha. Alinisumbua sana huyo, nakiri. Tangu umwache mtu wa Bukoba unacheza kama binti yangu, na mwezi huu nimekuwa nikiamka kwa furaha, naswali, nakunywa uji, nakaa na bao langu barazani kama mtu mwenye kesi nzuri mahakamani. Wazee wa barazani wameacha bao la kete wanakuja kutazama tunavyopigana. Mzee Mfaume, wananiambia, na mjukuu wako naye ni hatari. Nawaambia mbegu ni yangu.

Lakini kila safari ina mwisho wake. Sikiliza vizuri, kaa chini kwanza. Tembo wangu, yule mmoja aliyebaki, anakwenda mshazari mpaka mwisho na anakula ngome yako ya kulia. Mfalme wako hana pa kwenda, kushoto askari wake mwenyewe, kulia malkia wangu aliyekuwa akipunga upepo. Umefungwa. Umepigana vizuri, nakushukuru kwa miezi hii.

Neno lile limekwisha. Halitajwi tena. Na Mei Mosi nitasikia.

Bingwa,
Mfaume Hussen


Mailimoja, Kibaha
28 Aprili 2024

Babu yangu,

Shikamoo. Pole kwa mbuzi. Sisi huku maji yaliingia darasani lakini hakuna aliyeumia. Baba anawasalimia.

Nimeiweka hatua yako kwenye bao langu. Nikaiweka tena asubuhi, nikidhani usingizi umenidanganya. Babu, tembo wako aliyebaki ni wa nyumba nyeupe. Tangu tuanze yuko kwenye nyumba nyeupe, na tembo hahami rangi maisha yake yote, hilo ulinifundisha wewe nikiwa sijaota meno ya mbele. Ngome yangu iko kwenye nyumba nyeusi. Tembo wako hawezi kufika pale hata apewe mabawa.

Sheria yako unaijua, umeiandika kwa mkono wako kwenye barua ya kwanza. Anayempeleka mnyama njia isiyo yake amefungwa hapohapo. Kwa sheria hiyo mimi nimeshinda.

Siutaki ushindi huo. Nilikaa na kikaratasi nikitaka kuandika "umefungwa, njoo Kibaha", mkono ukakataa. Sitaki uje huku ukidhani mjukuu wako amekuvizia. Kwa hiyo nakuuliza kitu kimoja, na utakachojibu nitakipokea. Umesahau tembo anavyokwenda? Kama umesahau, mchezo umekwisha. Kama hukuona nyumba ni ya rangi gani, mrudishe tembo alipokuwa, tuendelee, na sharti libaki palepale.

Mashindano ni Jumatano. Nitaanza na askari wako wa pembeni. Siyo kwa sababu ya sharti.

Wema


Kurui
12 Mei 2024

Wema,

Salamu. Wazima. Bao langu limefifia, rangi zimepotea kwa mvua. Ni bao lililokosea.

Mfaume

Mjukuu wangu, bao nimelipaka mwenyewe mkaa na chokaa siku ya kuamkia Idd. Linang'aa hadi kuku wanalidonoa. Usimwambie nimeandika, hawezi kusoma hapa chini. Bibi Anifa.


Mailimoja, Kibaha
19 Mei 2024

Babu yangu,

Shikamoo. Mimi mzima. Nimepokea habari za bao.

Mei Mosi imepita salama. Sikushika nafasi ya kwanza, lakini kila nilipokaa, watu waliacha meza zao wakaja kwangu. Mzee mmoja wa idara ya maji aliniambia kwamba miaka yote hajaona mtu akicheza sataranji huku anatabasamu. Nikamwambia nina babu. Hashiru alifungwa na mtu aliyekariri vitabu kuliko yeye, akaja kukaa nyuma yangu na kupiga kelele kama watu wa barazani kwako.

Tembo sitamtaja tena. Nasubiri.

Wema


Kurui
9 Juni 2024

Wema mjukuu wangu,

Marahaba ya zile shikamoo zako zote ambazo sikuzijibu. Mvua zimekwisha. Mihogo imetoka minene. Bibi yako mzima, na barua hii anaandika yeye ninavyotamka, nimemwambia asiongeze lake. Siongezi, anasema.

Nimenyamaza kwa sababu njia zilikuwa mbili na zote zina miiba. Niseme sijui tembo anavyokwenda. Mimi, Mfaume Hussen, niliyefunga watu tangu Kurui mpaka Maneromango, nife halafu barazani waseme mzee yule mwisho alikuwa hajui tembo. Au niseme lile jingine.

Basi sikiliza, na bibi yako andika vizuri. Mimi sikukosea. Macho ndiyo yamekosea.

Nyeupe na nyeusi kwangu zimekuwa maji ya uji. Wanyama nawajua kwa vidole, ngome ana kichwa bapa, farasi ana pua, tembo nilimchonga mwenyewe kwa mti wa mkorosho, nina kovu lake kwenye kidole gumba. Ukingo wa bao naushika, kwa hiyo pembeni sipotei, napotea katikati. Askari wa Pembeni Kwanza nilimtunga nikiwa naona mpaka nyota za mchana, usije ukafikiri nilimtunga kwa upofu. Lakini mwaka huu pembeni ndiko nilikobaki na njia.

Nilikataa Kibaha kwa sababu hili la kushoto bado linanionyesha kidogo, mtu akisimama mlangoni najua ni mtu. Nikawaza, wakilishika likaharibika, sina la akiba. Mtu huogopa kuuza shati la mwisho. Na nisingeweza kukuambia wewe, maana wewe ndiye uliyekuwa ukinisikiliza nikijisifu tangu hujaanza kutembea.

Ungeweza kunifunga kwa sheria yangu mwenyewe. Hukutaka. Jambo hilo limeniingia, Wema. Nimekaa nalo, na kila nikikaa nalo nakushukuru.

Nakuja. La kulia tu, lile lililokwisha kufa. La kushoto msiliguse. Na ieleweke kwamba nakuja kwa hiari yangu, sikufungwa. Tembo nimemrudisha nyumba yake nyeupe, na hatua nyingine iko kwenye kikaratasi. Mchezo haujaisha.

Babu yako,
Mfaume Hussen


Kurui
14 Julai 2024

Wema, mke wangu mdogo,

Barua hii naandika mimi mwenyewe. Tazama mistari.

Tulifika Kurui salama. Kijana wako wa Bukoba alituendesha taratibu kwenye makorongo kama amebeba mayai, na bibi yako amemjaza mihogo mpaka gari limeinama. Ulipokuwa kazini siku ile ya kusubiri bandeji itolewe, alikuja wodini na bao. Nilianza na askari wa pembeni kwa kupapasa, na kila hatua yake alinitajia kwa mdomo. Alinifunga. Mchezo ule hauhesabiki, mtu mwenye bandeji hafungwi. Kisha akanieleza jina la mwanzo wake na nchi ulikotoka, nikamweleza majina ya yangu, akayaandika ndani ya simu yake. Farasi Malishoni imo ndani ya simu sasa. Kijana huyo anajivuna sana. Nimempenda. Wewe umemtaja kwenye barua nyingi na hujasema kitu, basi na mimi sisemi.

Habari za jicho. Nesi alipotoa bandeji wa kwanza kumwona alikuwa bibi yako, maana alisimama mbele ya kila mtu. Amekuwa na mvi mpaka kwenye nyusi. Nikamwambia, Anifa, umezeeka lini? Akaniambia, "Wakati ulipokuwa unajisifu." Halafu alilia, na mimi nilikuwa na maji machoni lakini ni ya dawa. Wewe ulikuwa nyuma yake. Una kovu dogo juu ya mdomo ambalo sikuwahi kulijua. Nilikutazama muda mrefu, ukafikiri bado sioni.

Namshukuru Mungu, nakushukuru wewe, mshukuru na yule daktari mwenye mikono midogo. Naona uzi wa mkeka. Naona jirani anavyolitazama shamba langu. Jana nilikaa nikatazama sisimizi wanabeba bawa la kumbikumbi kuanzia mlangoni mpaka jikoni, sikufanya kazi nyingine yoyote, na bibi yako hakunigombeza.

Sasa bao. Tangu turudi nimelipanga kama vikaratasi vinavyosema, na nimelitazama kwa jicho langu, siyo kwa vidole. Mchezo wetu ni mzuri kuliko nilivyokuwa najua. Yule farasi wako uliyemrusha bila mlinzi, sikujua uzuri wake mpaka nilipoona askari wangu wamemzunguka kama watu kwenye ngoma. Na mimi niko vibaya. Kikaratasi chako cha mwisho kinasema unarudisha ngome nyuma kujilinda. Hujaona.

Usirudishe ngome. Nakurudishia hatua yako uicheze upya. Farasi huyo mpeleke pembeni kabisa, kushoto kwako, palepale ambapo mainjinia walisema amefungwa kamba. Kutoka pale anamtisha mfalme wangu na huku amemshika malkia. Mfalme lazima akimbie, malkia unamla, na baada ya hapo nina hatua za kuhesabu kwa vidole vya mkono mmoja. Nimetafuta pa kutokea tangu alfajiri. Hakuna.

Ningeweza kunyamaza. Usingeliona, nakujua, ulikuwa unawaza ngome tu. Ningekufunga kwa wiki mbili na neno macho lisingetajwa tena. Lakini nimeliona kwa jicho ulilonipigania, na sikuona haki kulinyamazisha.

Mimi Mfaume Hussen nimefungwa, na mjukuu wangu, kwa farasi wa pembeni. Barazani nimewaambia mwenyewe kabla hawajauliza.

Sharti ni sharti. Mwambie daktari kwamba Zubeir atanishusha Mailimoja mwisho wa mwezi. Namletea la kushoto.

Babu yako